Gari inapiga ta-ta-ta lakini haiwaki: fundi anajibu maswali yenu

Tangu mvua zianze meseji nyingi zinazoingia kwenye ukurasa huu ni za gari kugoma kuwaka, mtu anazungusha funguo anasikia milio tu. Nimechagua hizi kwa sababu kila moja ina mlio wake, na mlio ndo unaokuambia uanzie wapi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana mwenzetu ameshaliwa hela na anakaribia kuliwa tena.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST, nakaa Tegeta, kazi yangu ipo Posta. Wiki kadhaa sasa nikizungusha funguo asubuhi inafanya ta-ta-ta-ta-ta haraka haraka, taa za dashibodi zinapepesa, gari haiwaki. Jirani akinibusti kwa waya toka betri ya gari yake inawaka vizuri kabisa, mchana nikiwa kazini siku nyingine inawaka siku nyingine inagoma. Nikaipeleka gereji, fundi akasikiliza huo mlio akasema stata imekufa, nikanunua stata ya mtumba laki moja na ishirini, ufundi elfu thelathini, kesho yake asubuhi ta-ta-ta ile ile. Sasa anasema hiyo stata nayo mbovu ninunue nyingine. Naomba ushauri kabla sijatoa hela tena. – Dada wa Tegeta

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa usumbufu. Stata nyingine usinunue, hela yako tulia nayo kwanza.

Ngoja nikueleze huo mlio unatoka wapi halafu mwenyewe utaona. Kwenye stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake, kuna kidude cha duara kinaitwa solenoidi. Ukizungusha funguo inapata umeme kidogo kupitia waya mwembamba, inavuta chuma kilichomo ndani yake, na hicho chuma kinafanya kazi mbili kwa mpigo, kinasukuma gia ndogo ya bendeksi ikashike meno ya flaiwili (lile gurudumu zito la injini), na mwishoni kabisa kinagusanisha shaba nene ili umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota ya stata. Huo umeme mkubwa ni mkubwa kweli, kwa injini ndogo kama ya IST ni ampea 100 mpaka 200 hivi, wakati taa zako mbili za mbele kwa pamoja hazizidi ampea 10.

Sasa betri ikiwa imechoka, au njia ya umeme ina uchafu mahali, shaba zikigusana tu volti zinaporomoka, solenoidi inakosa nguvu ya kujishikilia, springi inairudisha nyuma. Ikirudi nyuma mzigo umeondoka, volti zinapanda tena, na wewe bado umeshikilia funguo, basi inavuta tena, inagusa, zinaporomoka, inarudi. Hiyo ndo ta-ta-ta unayoisikia, na ndo maana taa zinapepesa kwa kufuatana na mlio. Kwa hiyo huo mlio wa haraka unasema solenoidi ni nzima, inavuta kila mara, kinachokosekana ni umeme wa kutosha. Na ushahidi mwingine umeutoa mwenyewe, ukibustiwa inawaka vizuri. Stata iliyokufa haifufuki kwa waya za jirani.

Anza na terminali za betri, vile vibano vya waya vinavyoshika nguzo mbili za betri. Fungua boneti, shika kila terminali kwa mkono uizungushe, ikicheza hata kidogo umeshapata kesi. Tegeta upo karibu na bahari, upepo wa chumvi unafanya kazi yake usiku na mchana, utakuta unga mweupe au wa kijani kibichi umejaa pembeni ya terminali. Huo unaonekana. Usioonekana ndo mbaya zaidi, ni ule utando mweusi unaojificha katikati ya nguzo ya risasi na terminali, kwa nje panang'aa safi ila ndani umeme wa redio na taa unapita, umeme wa stata haupiti. Chukua spana namba 10, zima kila kitu, toa HASI kwanza halafu chanya. Ni hasi kwanza kwa sababu ukianza na chanya spana ikagusa bodi ya gari umepiga shoti ya betri nzima, spana inaweza kuchomelea hapo hapo na mkono wako ukiwa juu yake. Mwaga maji ya moto taratibu kwenye huo unga, utayeyuka, ukiwa na bekingi soda changanya kijiko kwenye maji itamaliza asidi kabisa, ila hakikisha vizibo vya betri vimefungwa isiingie ndani. Wengine wanamwagia Coca-Cola, inasafisha kweli lakini inabaki na sukari, sioni sababu wakati maji ya moto yapo jikoni. Kausha, sugua nguzo na ndani ya terminali kwa msasa mpaka uone risasi inang'aa, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, paka Vaseline au grisi kwa JUU baada ya kukaza. Na kama utakuta kuna kipande cha bati au msumari umechomekwa ili terminali ibane, kitoe, nunua terminali mpya, ni kitu cha bei ndogo sana na kile kibati kinaleta joto na kulegea kila baada ya siku chache.

Hatua ya pili ni kupima, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo jambo ninalolipigania kila siku. Fundi akikuambia kitu kimekufa muulize amekipima na nini na amepata ngapi. Hana namba, usitoe hela. Mita ya digitali ya kawaida haifiki hata robo ya bei ya betri, fundi umeme yeyote wa kweli anayo, na wewe unaweza kununua ya kwako ukakaa nayo kwenye gari. Weka kwenye volti za DC, alama ya 20. Asubuhi kabla hujagusa kitu, nyekundu kwenye chanya nyeusi kwenye hasi, usome. 12.6 imejaa. 12.4 ipo kama robo tatu. 12.2 nusu. 12.0 au chini ya hapo imekwisha na usishangae kusikia ta-ta-ta. Ukikuta 10.5 hivi na hata ukiichaji haipandi, betri ina seli 6 na kila seli inatoa volti 2.1, maana yake seli moja imekufa, hiyo haina dawa, badilisha.

Lakini betri inaweza kukudanganya ikaonyesha 12.5 ikiwa imepumzika, ukiitwika mzigo inaanguka. Kwa hiyo mita iache pale pale, mtu mwingine apige stata, wewe angalia namba. Ikishuka mpaka 10 na kitu injini ikiwa inazunguka, ni sawa. Ikiporomoka chini ya 9.6, kwenda 7 au 6 huku inapiga ta-ta-ta, betri haina kitu, ama imeisha chaji ama imezeeka. Kama imeisha chaji ichajiwe usiku kucha kwa chaja ndogo ya taratibu halafu urudie kipimo, ikishuka vile vile hapo ndo unaenda dukani na moyo mmoja.

Kama betri haishuki na bado inapiga ta-ta-ta, tafuta panapopotea umeme. Weka ncha moja ya mita juu ya nguzo ya risasi yenyewe, ncha nyingine juu ya terminali iliyoishika, yaani sehemu mbili zilizogusana, mtu apige stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ukiona 0.5 au volti nzima, huo ndo ule utando mweusi niliousema, umeukamata kwa macho yako. Halafu fanya hivyo hivyo toka nguzo ya hasi mpaka chuma cha injini, isizidi 0.2, ikizidi sana waya wa eathi umeoza au boliti yake ina kutu. Huu waya wa eathi mafundi wengi wanausahau kabisa, unatoka hasi unaenda kwenye bodi na kwenye giaboksi, ukiushika unaweza ukawa mzima kwa nje lakini ndani ya ganda shaba imegeuka unga wa kijani.

Hatua ya tatu, gari ikishawaka pima tena betri. Inatakiwa ipande iwe 13.8 mpaka 14.5. Washa taa, AC na feni vyote, isishuke chini ya 13.5 ukiwa umekanyaga mafuta kidogo. Ikibaki 12.3 na inazidi kushuka, alteneta (ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka) haichaji, angalia kwanza kama mkanda umelegea au umekatika kabla hujaambiwa alteneta imekufa. Na kwa safari yako wewe, Tegeta mpaka Posta kwenye ile foleni ya Bagamoyo Road, injini inaunguruma sailensa (bila kukanyaga mafuta) muda mwingi, AC juu, taa, simu mbili zinachaji, alteneta ikiwa kwenye sailensa inatoa kidogo sana ya uwezo wake, kwa hiyo unaweza ukakaa barabarani saa nzima na nusu na betri isirudishe kile ilichotumia. Ndo maana mchana siku nyingine inawaka na siku nyingine inagoma. Mimi kwa maelezo yako naweka uzito kwenye betri na terminali, ila namba ndo itasema.

Kuna mchezo mmoja utaufanyiwa gereji nakuomba uukatae. Fundi anawasha gari halafu anachomoa terminali ya betri ikiwa inaunguruma, ikizima anasema alteneta mbovu, isipozima anasema nzima. Enzi za kabureta watu walifanya hivyo wakapona. Gari yako ina kontroli boksi (kompyuta ya gari), betri ndo inayotuliza volti za alteneta, ukiichomoa ghafla volti zinaruka juu sana kwa kitambo kidogo na hicho kitambo kinatosha kuua kontroli boksi au diodi za alteneta. Mita inatoa jibu hilo hilo bila kuharibu chochote.

Na kwa kuwa jirani anakubusti kila asubuhi, mpange hivi: waya mwekundu chanya ya kwako, mwekundu chanya ya kwake, mweusi hasi ya kwake, mweusi wa mwisho kwenye chuma kitupu cha injini yako mbali na betri. Sio kwenye nguzo ya hasi ya betri iliyokufa, kwa sababu cheche ya mwisho inatokea hapo na betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inalipuka, asidi ikiruka usoni ni macho hayo. Mkikosea mkapishanisha chanya na hasi mnaunguza fyuzi kubwa na mkiwa na bahati mbaya alteneta na kontroli boksi pia.

SWALI: Mambo vipi fundi, nina Noah ya zamani injini 3S, inapiga kazi ya abiria huku Arusha. Betri nimenunua mpya kabisa, taa zinawaka kali, ila nikipiga stata inafanya TAK mara moja tu kimya. Narudia TAK. Narudia hata mara kumi halafu ghafla inashika inawaka kama haina tatizo. Kondakta akiigonga stata na nyundo nayo inawaka. Tatizo ni nini maana abiria wanashuka wananikimbia. – Dereva, Arusha

JIBU: Poa kaka. Wewe wa kwako ni mlio mwingine kabisa, na hapa sasa stata inahusika.

Kipimo cha haraka ambacho hakihitaji hata mita, washa taa kubwa usiku au ukiwa umeelekea ukuta, piga stata uangalie taa. Zikifa kabisa, ni betri au terminali. Zikififia kiasi na injini haizunguki, umeme unaingia kwenye mota lakini mota au injini imekwama. Zikibaki kali vile vile wakati inapiga TAK, umeme hauingii kwenye mota kabisa, solenoidi inavuta ila shaba hazipitishi. Kwa maelezo yako ni hiyo ya tatu, au kaboni za stata, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenda kwenye mota inayozunguka, zimeisha.

Stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi za umri huo zina ugonjwa unaojulikana dunia nzima. Ndani ya solenoidi kuna vipande viwili vya shaba vilivyokaa pande mbili, na chuma kinachovutwa kina kisahani cha shaba kinachokuja kuvigusa vyote kwa pamoja. Kila unapowasha kuna cheche kidogo hapo inakula shaba, na gari ya abiria inazimwa na kuwashwa mara nyingi sana kwa siku. Ukifungua utaona kimojawapo, mara nyingi cha upande wa waya wa betri, kimeliwa kimebaki na ngazi, pembeni kinene katikati kimekuwa chembamba, kingine bado kina uhai. Kisahani kikija kinagusa kimoja, kingine hakifikii. Ukirudia rudia kisahani kinajizungusha kidogo kinapata sehemu nzima, inawaka.

Uzuri wa stata hizi unabadilisha shaba tu, huhitaji stata nzima. Toa waya wa hasi wa betri kwanza maana ule waya mnene wa stata una umeme muda wote hata ukiwa umezima gari. Shusha stata, fungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi, boliti ndogo tatu, chuma chenye kisahani kinatoka na springi yake, shaba unazitoa kwa nje kwa kufungua nati zake. Badilisha zote mbili na kile chuma chenye kisahani kama uso wake umechimbika, usibadilishe moja ukaacha nyingine maana hazitakuwa sawa na utarudi kule kule. Wapo mafundi wanapiga msasa shaba ya zamani au wanaigeuza upande, inasaidia siku chache za kutafutia hela, ukishapata hela weka mpya. Ukiwa umeshaifungua angalia na kaboni, zikiwa zimekuwa fupi sana badilisha hapo hapo, kazi ya kuishusha ni ile ile.

Kuhusu nyundo. Ukigonga, kaboni iliyoning'inia inashuka inagusa, au chuma cha solenoidi kinajisogeza, ndo maana inawaka. Itumie kukutoa stendi siku moja, gonga polepole kwenye bodi la stata, usigonge kwenye solenoidi wala kwenye nati za shaba. Ukiifanya ndo mtindo wa kila siku zile sumaku au koili za ndani zitapasuka, na hapo ndo utanunua stata nzima kwa kosa la vipande viwili vya shaba.

Kabla hujashusha thibitisha na mita, ncha nyeusi kwenye bodi, nyekundu kwenye boliti kubwa la waya wa betri pale kwenye solenoidi, kondakta apige stata. Ikibaki karibu na 12, umeme umefika. Hamishia nyekundu kwenye boliti la pili, lile lenye waya unaoingia ndani ya mota. Ikisoma sifuri wakati wa TAK, shaba zimekwisha. Ikisoma 12 na mota imetulia, ni kaboni au amecha (sehemu ya mota inayozunguka).

SWALI: Salaam aleikum fundi, mimi niko Mombasa, nina Fielder. Nikiitumia kila siku haina shida, lakini nikisafiri siku tatu nne nikirudi naipata inapiga tik tik tik haistati. Betri nimebadilisha mwaka huu na alteneta inachaji 14.2, mekanika amepima mbele yangu. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, na huyo mekanika anayepima mbele yako mshikilie.

Hapo kuna kitu kinakula umeme gari ikiwa imelala. Gari iliyolala vizuri inakula milliampea 50 hivi kushuka chini, kwa saa ya dashibodi na kumbukumbu za kontroli boksi. Chukua mfano inakula 300, kwa siku moja ni kama ampea 7 za saa, betri yako ndogo ya ampea 45 siku ya tatu imeshabaki nusu, na betri iliyoshinda nusu mara kwa mara inaharibika hata kama ni mpya, kwa hiyo usichelewe.

Wa kwanza kushukiwa ni vitu vilivyofungwa baada ya gari kununuliwa. Alamu, traka, redio kubwa na ampulifaya, kamera, taa za urembo. Fundi aliyefunga redio akiunganisha waya wa muda wote na wa swichi pamoja, redio inazima uso lakini ndani iko macho. Angalia pia taa ya buti na ya kisanduku cha dashibodi, zinawaka humo ndani hakuna anayeziona.

Kupima: toa waya wa hasi, hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, unganisha mita katikati ya nguzo na waya. Funga milango yote, boneti ibaki wazi, subiri nusu saa mpaka kompyuta za gari zilale, ukisoma mapema utaona namba kubwa ukaogopa bure. Halafu chomoa fyuzi moja moja huku unaangalia mita, ile ambayo ukiichomoa namba inaanguka, fuata saketi yake. Usizungushe funguo kuwasha mita ikiwa hapo katikati, itaungua papo hapo. Na usishangae ukimaliza fyuzi zote na namba haijashuka, alteneta yenye diodi mbovu inaweza kuchaji 14.2 mchana na kunyonya betri usiku, itenganishe nayo uone.

SWALI: Fundi yangu ni fupi, Passo otomatiki, Dodoma. Nikipiga stata haitoi mlio wowote, taa zote kali. Ila nikihamisha gia toka P kwenda N inawaka. Naendelea hivyo hivyo au kuna madhara?

JIBU: Hakuna kitakachovunjika, ila swichi ya gia pale kwenye giaboksi imechoka au imehama mahali pake. Yenyewe ndo inayoiambia gari kwamba ipo P au N ndo stata iruhusiwe. Irekebishwe kabla na N haijagoma, maana otomatiki huwezi kuisukuma ikawaka. Ukiwa unawashia N kanyaga breki na uvute hendibreki, gari ikiwa kwenye mteremko inaondoka.

SWALI: Assalam aleikum, nipo Muscat, huku betri hazimalizi miaka 2 halafu zinaanza kugonga gonga bila kuwasha. Nyumbani Unguja betri ya baba yangu imekaa muda mrefu zaidi ya hapo. Tunauziwa feki?

JIBU: Waaleikum salaam. Feki zipo kila mahali lakini kwa Muscat mtuhumiwa wa kwanza ni joto. Betri ya asidi imetengenezwa kwa hesabu ya nyuzi 25, na kila joto likiongezeka kama nyuzi 10 juu ya hapo umri wake unakatika karibu nusu, kutu ya ndani kwenye mabati ya risasi inakwenda mbio na maji yanapungua. Hali ya hewa ya huko kiangazi inapita nyuzi 40, chini ya boneti ni zaidi. Egesha kivulini, usitoe kile kifuniko au koti la betri ililokuja nalo, na kama betri yako ina vizibo angalia maji kila mwezi. Ongeza maji ya betri tu, yaliyokenekwa (distilled), USIONGEZE ASIDI. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki humo humo, ukiongeza nyingine unaikoleza na unaimaliza betri. Soma lebo ya chupa kabla hujamimina, za asidi na za maji zinafanana.

SWALI: Fundi naomba unijibu haraka. Nipo Dar, jana jioni mvua ilivyonyesha nimepita Jangwani maji yalikuwa yamefika usawa wa bampa, gari ikazima katikati. Tumeisukuma mpaka pakavu. Nikipiga stata inafanya TAK moja nzito, taa zinafifia, haizunguki. Betri nzima. Vijana wanasema tuivute na gari nyingine ishike, ni manyuo (gia za mkono).

JIBU: Msiivute. Na stata usiiguse tena mpaka umalize kusoma hapa.

TAK nzito na taa kufifia maana yake stata inasukuma ila injini imekwama, na gari iliyozimia ndani ya maji sababu ya kwanza ya kukwama ni maji yameingia kupitia njia ya hewa mpaka ndani ya silinda. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Pistoni inapanda inakutana na maji, inasimama. Stata peke yake haina nguvu nyingi sana za kuharibu, ila gari ikivutwa kwenye gia uzito wote wa gari unakwenda kwenye ile konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), inapinda, ikipinda ni kushusha injini. Ukiwa na bahati mpaka sasa hivi haijapinda.

Toa waya wa hasi. Fungua boksi la filta ya hewa uishike, ikiwa imelowa umeshapata jibu. Chomoa koili, zikaushe, fungua plagi zote nne. Chomoa soketi za nozeli au fyuzi ya pampu ya mafuta ili petroli isimwagike hapo. Kama unaweza, zungusha injini kwa mkono kwa soketi na mpini kwenye boliti ya puli ya kranki kabla ya kupiga stata, taratibu, maji yatoke yenyewe. Halafu rudisha waya wa betri, watu wasogee mbali na usiweke uso juu ya injini, piga stata kidogo kidogo, maji yatarushwa juu kupitia matundu ya plagi. Rudia mpaka itoke hewa tupu.

Kabla hujarudisha plagi chomoa kijiti cha oili, ukikuta rangi imekuwa kama chai ya maziwa maji yameingia na chini, mwaga oili yote, badilisha na filta yake, na usiiwashe kabla ya hapo. Cheki na ya giaboksi. Weka filta ya hewa kavu, plagi kavu, washa, iache sailensa bila kukanyaga. Ikiunguruma laini ifanye dakika kadhaa, zima, kagua oili tena, na baada ya siku chache za kutembea badilisha oili kwa mara ya pili kwa sababu maji ya kona za ndani yanatoka taratibu. Ikiwa inagonga chini au silinda moja haifanyi kazi, zima hapo hapo, pima kompresheni ya silinda zote nne, itakayokuja na namba ndogo kuliko wenzake ndo ya kwanza kushukiwa kuwa na konrodi iliyopinda.